Mtoto mchanga anapaliwa, anachoka au anakataa kunyonya: mwongozo kamili wa kumlisha salama

Wazazi wengi wakiambiwa na daktari "mpelekeni mtoto kwa spichi therapisti" wanashtuka, mtoto ana wiki tatu, hata kucheka bado, sasa ataenda kuongea nini huko? Ila kwa mtoto mchanga kazi kubwa ya huyu mtaalamu wa tiba ya usemi ni kunyonya na kumeza. Ulimi, midomo, mashavu, kaakaa na koo, vitu vilevile vitakavyomsaidia kuongea baadae, leo vina kazi ya kuvuta maziwa na kuyapitisha salama yafike tumboni bila kuingia kwenye mapafu. Na hiyo kazi ni nzito kuliko inavyoonekana. Mtoto anavuta, anameza, anapumua, anavuta tena, na mzunguko huo unaenda karibu mara moja kila sekunde, na kila anapomeza pumzi inasimama kidogo ili njia ya hewa ifungwe. Mpangilio huo ukiyumba, iwe ni njiti (kazaliwa kabla ya wakati), au ana mdomo wazi (mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa), au ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, au moyo una shida, ndo unaona mtoto anapaliwa, anachoka, anakataa, uzito haupandi, na mama analia usiku anajiona yeye ndo hana maziwa.

Naandika hii kwa mama, baba, bibi na dada wa kazi, maana mara nyingi wote mnashika kikombe. Na kama kuna kitu kimoja nataka ukishike mpaka mwisho ni hiki: unapomlisha mtoto mwenye shida angalia pumzi yake, usiangalie yamebaki maziwa kiasi gani. Hatua karibu zote hapa chini zinatokana na hilo.

HATUA YA 1: HAKIKISHA SIO DHARURA

Kabla ya mkao, kikombe na mengine yote, jiulize kama huyu mtoto ni wa kwenda hospitali sasa hivi. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri halafu ghafla ameacha au ananyonya kivivu, hiyo ni dalili ya hatari peke yake hata kama hana homa, mara nyingi ni maambukizi kwenye damu na masaa yanahesabika. Vilevile akiwa na joto la 37.5 kwenda juu, au amepoa chini ya 35.5, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika (hesabu dakika nzima akiwa ametulia, usihesabu nusu ukazidisha mbili), kifua kinabonyea ndani akivuta hewa, anakakamaa au kushtuka shtuka, analala tu haamki hata kula, midomo au ulimi unageuka bluu, utosi umedidimia, au amekaa masaa mengi hajakojoa. Hapo usimpe chochote kwa nguvu mdomoni, mfunike awe na joto, muweke kifuani, ondoka.

Mtoto anayepumua mbio zaidi ya 60 kwa dakika hana nafasi ya kumeza katikati ya pumzi, kumlazimisha anyonye ni kumpeleka kwenye nimonia. Hospitali watamlisha kwa mpira wa puani mpaka pumzi itulie.

KABLA HATUJAENDELEA: KIMEO NA MENO YA PLASTIKI

Hapa nasimama kidogo maana watoto wanaumia. Mtoto akikohoa, akipaliwa, akikataa ziwa, kuna jirani atasema "huyo ana kimeo, mpelekeni kikakatwe". Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, kila mtu anacho, na hakisababishi mtoto kushindwa kunyonya. Anayekwenda kukikata anatumia kisu au waya, mtoto anatoka damu nyingi, anapata maambukizi, anaweza kupata pepopunda, na juu ya yote ana kidonda kooni kwahiyo kumeza kunakuwa kugumu maradufu. Hivyo hivyo na meno ya plastiki, vile vivimbe vyeupe kwenye fizi za mtoto anayeharisha au mwenye homa. Yale ni meno ya kweli, machonge ambayo hayajatoka, wanayachimba kwa spoku ya baiskeli au msumari, na ugonjwa wenyewe unabaki palepale haujatibiwa.

Najua ushauri huu mara nyingi unatoka kwa bibi au mama mkwe na sio rahisi kumbishia. Usimbishie. Mwambie kwa heshima, "mama, naomba kwanza daktari amuangalie koo, tukirudi tutaongea", na uende nae kliniki, akisikia kwa nesi mwenyewe inasaidia sana.

HATUA YA 2: MTAZAME ANAVYOKULA, USIBADILISHE KITU BADO

Siku mbili tu, shika daftari au simu. Andika ameanza saa ngapi amemaliza saa ngapi, amepaliwa mara ngapi, ametapika au amecheua, pampasi au nepi za mkojo ngapi. Mtoto mchanga ananyonya kama mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24, na kuanzia kama siku ya tano anakojoa mara 6 au zaidi. Kunyonya kukichukua zaidi ya dakika 30 kila mara na bado analia njaa baada ya hapo, anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza.

Sasa muangalie usoni, na hapa uwe mtulivu kabisa, zima tivii. Mtoto anayeanza kuzidiwa haanzi kwa kukohoa, kukohoa kunakuja mwishoni. Anaanza kwa kutoa macho, nyusi zinapanda, vidole vya mkono vinatanuka kama anasukuma kitu, paji la uso linakunjamana, pua inatanuka, maziwa yanavuja pembeni ya mdomo, kichwa anakirudisha nyuma. Unasikia pumzi yenye majimaji, kama mtu anayekoroma juu ya maji. Au anameza kwa kugugumia, glu glu glu glu bila hata kupumua katikati halafu anaachia chuchu anahema. Hizo zote ni lugha, anasema "simamisha". Mama wengi wanazisoma kama ukaidi au uchoyo wa kula, wanasukuma chupa zaidi.

Jingine la kuandika: jasho. Mtoto anayelowa jasho kwenye paji la uso akinyonya, anahema, anaacha, analala, anaamka baada ya dakika chache na njaa, huyo aangaliwe moyo. Usikubali kuambiwa ni joto la Dar tu.

Na kuna watoto maziwa yanaingia kwenye mapafu kimya kimya, hawakohoi kabisa. Hao unawajua kwa mambo mengine: kifua kila mara, nimonia zinazojirudia, homa za kuja na kuondoka, sauti ya majimaji baada ya kula. Kwahiyo "mwanangu hajawahi kupaliwa" haitoshi.

HATUA YA 3: KUMPATA MTAALAMU, NA ATAFANYA NINI

Anzia kliniki ya mtoto, na kadi yake mkononi, maana mstari wa uzito unaongea kuliko maelezo yoyote. Omba rufaa kwa daktari wa watoto na uulize waziwazi: "hapa kuna mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza?" Sema na neno kumeza, ukisema usemi peke yake wanaweza kukwambia urudi akifika miaka miwili. Wataalamu hawa ni wachache Afrika Mashariki, wengi wapo miji mikubwa, kwenye hospitali za rufaa na taifa kama Muhimbili na Kenyatta, na kwa Dar es Salaam hospitali ya CCBRT wana huduma za watoto wenye mdomo wazi na wenye mtindio wa ubongo. Pale ambapo hayupo, muulizie mtaalamu wa tiba ya viungo au wa tiba kwa vitendo, au nesi wa wodi ya njiti, hao wengi wanajua vizuri mambo ya mkao na kikombe.

Siku ya kwanza atauliza historia ya mimba na kuzaliwa, alilia mara moja au la, alikaa kwenye oksijeni. Atavaa glavu, aingize kidole kidogo mdomoni kuona mtoto anakivuta vipi, ulimi unakumbatia kidole au umekaa tu, kaakaa lina tundu au halina. Kaakaa laini kule nyuma linaweza kuwa wazi huku midomo imekamilika kabisa, ndo maana tochi na kidole ni lazima. Ataangalia pia kama ulimi umefungwa na ngozi ya chini, ila sio kila ulimi wenye kamba unahitaji kukatwa, kama ananyonya na anakua unaachwa. Halafu atataka kuona mtoto anakula, kwahiyo nenda mtoto akiwa anakaribia njaa na ubebe vifaa mnavyotumia nyumbani, chupa ileile, kikombe kilekile. Akihisi maziwa yanaingia mapafuni anaweza kuomba eksirei ya video ya kumeza, pale inapopatikana.

HATUA YA 4: LINDA MAZIWA YA MAMA

Mtoto asiponyonya vizuri maziwa yanapungua, na kupungua hakusubiri mtoto apone. Mama aanze kukamua mapema, ikiwezekana ndani ya saa la kwanza au masaa machache baada ya kujifungua, na akamue mara 8 au zaidi kwa siku, mojawapo iwe usiku. Nawa mikono, kanda ziwa taratibu, weka dole gumba juu na vidole chini nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usivute chuchu, inauma na haitoi kitu. Siku za mwanzo utapata matone tu ya njano, yakusanye hata kwa sirinji, ndio dawa yenyewe.

Maziwa yaliyokamuliwa weka kwenye chombo safi chenye mfuniko sehemu ya kivuli na ubaridi, yasizidi masaa 4 nje, kwa joto la Pwani bora yatumike mapema zaidi. Kwenye friji mpaka siku 4. Kuyapasha, chovya chombo kwenye maji ya moto, usiyachemshe jikoni.

Kiasi? Mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, baada ya wiki ya kwanza, anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Wa kilo 3 ni kama mililita 450, ukigawa kwa mara 8 ni kama 55 kila mara. Ila hesabu ya siku nzima ndo ya kuangalia, mlo huu atakunywa 30 ule 70, hamna shida. Njiti fuata kiasi cha wodini.

HATUA YA 5: MKAO

Nikiambiwa nichague kitu kimoja cha kubadilisha nyumbani, nachagua hiki. Mtoto alalaye chali maziwa yanashuka yenyewe kooni hata kama hajawa tayari. Kwa chupa au kikombe kuna mikao miwili. Wa kwanza ni kumkalisha wima kwenye paja, mkono wako mmoja unashika nyuma ya shingo na mabega (sio kisogo, ukisukuma kisogo anajirudisha nyuma), kidevu kimeelekea kifuani kidogo. Wa pili, ambao kwa njiti na mtoto anayepaliwa sana na chupa nauamini zaidi, ni kumlaza ubavu kama anavyolala kwenye ziwa, kichwa juu kuliko makalio, sikio, bega na nyonga vikiwa mstari mmoja. Kwa ubavu maziwa yanakaa kwenye shavu, anayameza akiwa tayari, na yakizidi yanatoka nje badala ya kurudi kooni.

Mfunge kanga mikono ikiwa mbele ya kifua karibu na mdomo, asiwe ametawanyika. Mtoto anayerusha mikono hawezi kupanga mdomo.

Kwenye ziwa, kama maziwa ya mama yanatoka kwa nguvu na mtoto anapaliwa, mama aegemee nyuma kwenye mto, mtoto awe juu yake tumbo kwa tumbo, ule mchirizi unapungua nguvu. Au akamue kidogo kwanza mpaka yale ya mwanzo ya kasi yaishe. Na mdomo ufunguke mpana, kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini umegeuka nje, asishike ncha ya chuchu tu.

Baada ya kula abaki wima kifuani dakika 20 mpaka 30, mcheulishe taratibu. Usimtikise.

HATUA YA 6: MWENDO

Unapotumia chupa, iwe imelala karibu sawa na sakafu, maziwa yajae tu kwenye chuchu. Muache avute mara 3 mpaka 5, kisha shusha kitako cha chupa ili maziwa yaondoke kwenye chuchu bila kuitoa mdomoni, msubiri aheme mara mbili tatu, inua tena. Mwanzoni wewe ndo unahesabu, baada ya siku kadhaa utaona anaanza kusimama mwenyewe.

Chuchu ya chupa iwe ya mwendo wa polepole. Kuna tabia ya kuchoma chuchu na pini ya moto ili tundu likue "asichoke", jamani acheni, mtoto mwenye shida ya kumeza ukimuongezea kasi unammwagia kooni. Wala usiongeze unga wa uji kwenye chupa ili maziwa yawe mazito, maziwa mazito kwa mchanga ni uamuzi wa daktari na therapisti tu, na kwa njiti yanaweza kudhuru utumbo.

Akionyesha zile alama za hatua ya 2, simama. Akilala, mlo umeisha, kumfinya masikio na kumgeuza geuza chuchu mdomoni ili amalizie mililita 10 zilizobaki ndo namna watoto wanavyokuja kuogopa chupa. Nimeona mtoto wa miezi minne anayegeuza uso na kulia akiona tu chupa inatikiswa, na hakuwa na ugonjwa wowote wakati huo, ulishapona, kilichobaki ni kumbukumbu ya kulazimishwa.

HATUA YA 7: KIKOMBE, KWA WASIOWEZA KUNYONYA

Kwa mazingira yetu kikombe kidogo ndo rafiki. Kinaoshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji ya moto kikakauka, chupa ina kona nyingi ambazo wadudu wanajificha, kuharisha kunaanzia hapo.

Jaza nusu. Mtoto awe macho, wima, amefungwa kanga, weka kitambaa kidevuni. Ukingo wa kikombe upumzike kwenye mdomo wa chini bila kuubana, inamisha mpaka maziwa yaguse tu mdomo wa juu. Halafu subiri. Usimimine. Sekunde chache tu utaona ulimi unatoka unalamba kama paka, mkubwa kidogo anafyonza kwa sauti, anameza, anapumzika, acha kikombe palepale kimeinama asitafute upya. Atamwaga, ni kawaida, ndo maana kitambaa. Akifunga mdomo ameshiba au amechoka.

Kumimina maziwa mdomoni kwa kiganja au kijiko huku pua imebanwa ili ameze, ile ya zamani, inapeleka maziwa moja kwa moja kwenye mapafu. Naomba isifanyike kwa mtoto yeyote.

NJITI

Uwezo wa kuunganisha kunyonya, kumeza na kupumua unakomaa kwenye wiki ya 34 ya mimba hivi. Kwahiyo aliyezaliwa wiki ya 30 kulishwa kwa mpira sio kushindwa, ni umri, na mama asijilaumu. Wakati huo kazi yenu ni mbili. Ya kwanza kangaroo, ngozi kwa ngozi, masaa 8 mpaka 24 kwa siku, Shirika la Afya Duniani linashauri hivyo, na baba pia ana kifua, ashiriki. Ya pili, maziwa yanapopita kwenye mpira mpe alambe au anyonye ziwa lililokwisha kukamuliwa, au kidole kidogo kisafi chenye kucha fupi, sehemu laini ikitazama juu kwenye kaakaa. Hapati maziwa mengi hapo, anajifunza kwamba kuvuta mdomoni na tumbo kujaa ni kitu kimoja.

Kisha ndo kikombe na ziwa, mara moja au mbili kwa siku wakati yuko macho mwenyewe, milo mingine ibaki kwenye mpira, mnaongeza taratibu. Usichomoe mpira mapema kwa sababu ndugu wanaokuja kuona wanauogopa.

MDOMO WAZI NA KAAKAA WAZI

Mwenye mdomo pekee mara nyingi ananyonya ziwa vizuri, ziwa lenyewe au dole gumba la mama linaziba ule mwanya. Mwenye kaakaa wazi ni kesi nyingine, hawezi kufyonza kwasababu hewa inapita juu, ni sawa na kunywa soda kwa mrija uliotoboka. Atakaa ziwani saa zima anatafuna, mama anadhani ananyonya, wiki ya pili uzito umeshuka. Kila mtoto anapungua kidogo siku za mwanzo, isizidi asilimia 10, na anatakiwa kurudi uzito wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi, asiporudi usisubiri kliniki ya mwezi.

Huyu apewe maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa chupa laini ya kuminya, au zile maalum zenye vali, na zikikosekana kikombe kinatosha kabisa. Wima zaidi kuliko wengine, chuchu ielekee upande wenye kaakaa, minya kidogo mtoto anaposhusha taya, achia anapofunga, msubiri ameze, pumzika. Minya na mdundo wake, usiminye mfululizo. Maziwa kutoka puani kidogo sio hatari, futa uendelee, yakitoka mengi mkalishe wima zaidi na upunguze mwendo. Anameza hewa nyingi, mcheulishe kila baada ya mililita 15 au 20. Mlo usizidi dakika 30. Mwisho mpe maji kijiko kimoja yaliyochemshwa na kupozwa, au futa mdomo kwa kitambaa safi kilicholowa, maziwa yasigande kwenye tundu.

Upasuaji wa mdomo huwa kuanzia miezi 3 hivi, madaktari wengi wanataka mtoto afike walau kilo 4.5 na kipimo cha wingi wa damu kisome 10, kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Shirika la misaada la Smile Train wanalipia upasuaji kupitia hospitali washirika Tanzania na Kenya, kwahiyo mtu asikutishe na mamilioni. Ila mtoto mwepesi anaahirishwa, kila gramu unayomuongezea sasa inamsogeza kwenye tarehe. Na tafadhali usimuite mtoto sungura, hata kwa utani.

MTINDIO WA UBONGO, NA MIEZI 6 INAPOFIKA

Mtoto anayekakamaa na kurusha kichwa nyuma, au mlegevu kama kitambaa, mkalishe kwanza ndo ulete chakula. Nyonga zimekunjwa, miguu imeegemea kitu, kichwa katikati, kidevu chini kidogo. Kaa mbele yake usawa wa macho, maana ukilisha kutoka juu anainua kichwa kukutazama na koo linafunguka vibaya. Taya likiyumba lisaidie kwa vidole vitatu: dole gumba chini ya mdomo wa chini, cha shahada kwenye shavu karibu na taya, cha kati chini ya kidevu, unashikilia tu, hulazimishi kufunga. Kijiko kidogo kisicho na kina, kiweke katikati ya ulimi, kandamiza chini kidogo, subiri midomo ifunge, toa kikiwa kimelala. Usikipangusie kwenye fizi za juu, inamfanya ang'ate na kukakamaa.

Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika, wa lishe ya kweli, karanga zilizosagwa laini kabisa, parachichi, kiini cha yai, mafuta kijiko kimoja. Uji mwepesi unakimbia kooni na hauna nguvu. Kigumu zaidi kwao ni mchanganyiko, mchuzi wenye vipande, maji yanatangulia vipande vinabaki, kwahiyo ponda vyote viwe aina moja. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja, kwa mtoto yeyote.

Kwa watoto wote, usicheleweshe uji wa mabonge madogo mpaka mwaka uishe kwa hofu, kuanzia miezi 8 au 9 walio salama waonje chakula kilichopondwa tu bila kusagwa na blenda, wanaochelewa sana wanakuja kukataa chakula kigumu baadae. Kwa mwenye shida ya kumeza hatua hii uipange na therapisti.

KUFUATILIA

Pima uzito kila wiki mwanzoni, mizani ileile. Miezi mitatu ya mwanzo mtoto anaongeza kama gramu 20 mpaka 30 kwa siku, kwahiyo 150 mpaka 200 kwa wiki unaenda vizuri. Wiki mbili hakuna kitu, rudi hata kama miadi ni mwezi ujao. Kama mpira wa puani unaendelea miezi na miezi, muulize daktari kuhusu mpira wa tumboni, wazazi wanauogopa sana ila kuna watoto ambao ndo umewafanya wanenepe na mlo wa mdomoni ukabaki wa raha, kuonja tu.

Na kila anayeshika mtoto nyumbani ajue hili. Akipaliwa na maziwa na bado anakohoa au analia, hewa inapita, mlaze ubavu, futa mdomo, muache akohoe, usiingize kidole kooni na usimpulizie utosini. Akinyamaza, hakohoi, anageuka bluu: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini kuliko mwili, mpige mgongoni kati ya mabega mara 5 kwa kiganja, mgeuze chali, sukuma katikati ya kifua kwenye mfupa, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mara 5, rudia huku mtu mwingine anatafuta gari. Akilegea akaacha kupumua anza kumpulizia mdomo na pua kwa pamoja na kusukuma kifua, 30 kwa 2, mpaka mfike. Muombe nesi wa kliniki awaonyeshe kwa mdoli, wewe na huyo dada anayebaki nae mchana.